Kisigino cha Kulia

Mwaka umekatika, mdogo wangu, tangu ulipotutoka asubuhi ile wauguzi wakibadilishana zamu. Mumeo ndiye aliyepewa kalamu kwanza, aandike kumbukumbu hii kwa niaba ya familia. Akaandika jina tunalokuita nyumbani, Mwendo, akalitazama, kisha akainuka kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Mama akasema macho yake hayapatani tena na karatasi. Binti yako akanigeukia: "Mama mkubwa, andika wewe. Wewe huna haya." Basi mimi dada yako, fundi cherehani, mwenye mdomo unaoujua, nimekaa mbele ya cherehani isiyo na kitambaa na ninaandika. Nikiboronga mambo ya kisomi, wanafunzi wako watanisamehe. Wewe najua hutanisamehe, ungeshachukua kalamu yako ya kijani ukaanza.

Siku ya kukuzika yalisomwa mengi. Shahada hii, tuzo ile, profesa wa sayansi ya ubongo na mwendo wa binadamu, mwanzilishi wa maabara, mlezi wa watafiti. Yote kweli, wala hawakutia chumvi. Ila hakuna aliyesema mambo hayo yalianzaje, na mimi nilikuwepo yalipoanza. Tena nilifinywa.

Homa ilikushika ukiwa bado unajifunza kukimbia, na ilipokuachia iliuacha mguu wako wa kushoto mwembamba, mfupi kidogo kuliko mwenzake. Ulipofika umri wa shule, Mama aliniita jikoni akaniambia, "Huyu ni wako. Umpeleke, umrudishe, na asianguke." Nikakushika mkono. Njia ilikuwa ya kokoto hadi duka la kona, halafu mteremko, halafu geti la shule lililokuwa halifungi vizuri. Kila hatua ulikuwa unazama upande mmoja, na kwa kuwa mkono wako ulikuwa mkononi mwangu, na mimi nilizama. Ningefanyaje? Ukimshika mtu mkono huwezi kwenda mwendo wako na yeye aende wake, labda umburute.

Watoto wakubwa walizoea kukaa juu ya ukuta wa shule kutuchungulia. Siku moja mmoja wao akauliza kwa sauti, "Nyie wawili, mgonjwa ni yupi?" Mimi nilishaanza kuokota kokoto. Wewe, kijitu kifupi chenye begi pana kuliko mgongo, ukamjibu bila hata kugeuka, "Tunapokezana. Leo zamu yake." Wote pale ukutani wakavunjika mbavu, na yule mwenye maswali naye akacheka. Tangu siku hiyo hawakutusumbua sana.

Tatizo likawa nyumbani. Jioni moja Mama alinituma chumvi dukani. Wewe ulikuwa umekaa zako kizingitini unavua viatu. Nikaenda peke yangu, nikarudi peke yangu, na Mama akaniona kupitia dirisha nikija nachechemea vilevile kama wewe, mtu mwenye miguu mizima. Akadhani ninakuigiza. Sikupewa nafasi ya kujitetea. Nilifinywa sikio mpaka likawa la moto, huku naapa kwamba sijafanya kitu, na kweli nilikuwa sijui. Ndipo ulipokuja na kiatu kimoja mguuni, ukasimama kati yetu ukasema, "Mama, mwache. Hajui kama anafanya."

Mama akasema hakuna mtu anayefanya jambo kwa mguu wake mwenyewe asijue. Hukubishana naye, maana ilikuwa kazi bure, lakini wakati wa kula niliona umeinama unanitazama miguu chini ya meza. Na kesho yake hivyohivyo, na siku zilizofuata. Nikakuambia ukiendelea nitakumwagia mchuzi. Hukujali. Nakwambia leo, mdogo wangu, mbele ya wote wanaosoma hapa: kazi yako yote ilianzia chini ya meza ile. Swali lilikuwa hilohilo moja. Dada yangu mguu wake ni mzima, mimi sipo naye, na bado anachechemea. Nani anauambia mguu wake?

Ulianza na tiba ya viungo, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi chuoni, ukafanya kazi wodini ukiwanyanyua wazee vitandani na kuwafundisha kusimama. Kisha ukarudi darasani kusomea ubongo. Walimu wako wakakwambia ubongo ni lugha, ni hasira, ni kumbukumbu, lakini kutembea ni kazi ya misuli tu. Ulikuja likizo umevimba kwa hasira. "Dada, hawa wanadhani mtu anatembea kwa miguu." Nikakuuliza, kama si kwa miguu, anatembea kwa nini? Ukanishika kichwa kwa mikono miwili ukakitikisa kama unakung'uta gunia. Shingo iliniuma mpaka kesho yake, lakini nilielewa.

Ulipomaliza shahada ya uzamivu wakakupa chumba. Wao walikiita maabara. Kilikuwa stoo chini ya ngazi, chenye ndoo za deki na meza yenye miguu mitatu. Ukaenda kuomba mashine mbili kuukuu za kukimbilia kwenye jumba la mazoezi lililokuwa linafungwa, ukataka ziunganishwe ziwe mashine moja yenye mikanda miwili, mguu huu na mkanda wake, mguu ule na wake, kila mkanda uende kasi yake. Akaitwa fundi wa mota. Alikuja kwa kazi ya mchana mmoja. Ukanipigia simu siku hiyo ukasema, "Dada, kuna mtu hapa anashika bisibisi bila kukaza bega." Nikajua tayari, hapa tuna shemeji.

Kwa wasiojua, mashine ile ni rahisi kuieleza. Unapanda, unatembea. Mikanda inakwenda sawa, huoni ajabu. Ghafla mmoja unakwenda polepole na mwingine kwa kasi, unayumba kama mlevi. Taratibu, bila kufundishwa na mtu, mwili unajirekebisha na unatembea vizuri. Halafu mikanda inarudishwa sawa, na hapo ndipo penye kioja: chini ni shwari, lakini wewe unachechemea. Ulikipenda sana kipande hicho. Ulikuwa unatuambia kwamba kule kuchechemea ndiko ushahidi kuwa mtu amejifunza, kwa sababu mwili wake unaendelea kujibu kitu ambacho hakipo tena. Mumeo alikuwa anasikiliza huku anafuta grisi mikononi, anaitikia kila neno.

Mtu wa kwanza kupandishwa nilikuwa mimi, kwa kuwa ulijua sitakataa. Ukanifunga mikanda ya kunizuia nisianguke, ukanibandika vidoa vya kung'aa, vya kusomwa na kamera, magotini na kwenye vifundo vya miguu, ukaniambia nitazame alama iliyochorwa ukutani na nisifikirie. Kasi za mikanda ulizipanga kwa kupima hatua zako mwenyewe, maana ndizo zilizokuwa karibu. Mikanda ikabadilika. Nikayumba hatua chache, kisha nikatembea zangu, nikakuuliza tunakula saa ngapi.

Uso wako ulishuka. Wengine uliowapandisha baadaye, wanafunzi, makarani, mpishi wa chuo, wote walihangaika hasa kabla ya kuzoea. Mimi peke yangu nilizoea papo hapo. Fundi wa mota akaifungua mashine nzima kutafuta hitilafu, akaifunga, akaifungua tena. Mkuu wa idara, mzee mwenye tai ya bluu isiyobadilika, akautazama mchoro wako wa mistari ya hatua zetu akasema, "Huyu mtu mmoja anaharibu mchoro wote. Mtoe." Ukanitoa. Ukanipigia kwa sauti kavu: "Dada, umeniharibia kazi." Neno hilo lilinikaa rohoni. Nilinuna, na unajua nikinuna nanuna. Nilidhani nimetembea vibaya, nikawa najiuliza mtu anatembeaje vibaya wakati ameambiwa asifikirie.

Miaka ikaenda. Mkaoana, binti yenu akazaliwa, akakua na vidoa vya kung'aa miguuni kama mapambo. Siku moja alikwenda shule na kidoa kimoja nyuma ya sikio, mwalimu akatuma ujumbe kuuliza kama ni dawa. Nyumbani kwako mtu hakuweza kukuletea kikombe cha chai kwa amani. Ulikuwa unakitazama kiwiko chake, unasema, "Rudia." Barabarani ulisimama ghafla katikati ya maongezi kwa sababu mwanamke fulani amebadilisha ndoo kutoka mkono huu kwenda ule. Nilikuwa nakuvuta mkono, "Wewe mtoto, utagongwa na gari." Ulinijibu kwamba ulishaliona gari zamani, na kweli ulikuwa umeliona.

Wagonjwa waliokuja kupimwa ulikuwa unawasindikiza wewe mwenyewe mpaka getini. Wenzako walimtuma mtu. Wewe ulishuka ngazi nao, kwa mwendo wao, mkisimama walipotaka kusimama, mkizungumzia wajukuu. Kijana mmoja, mwanafunzi wako wa mwisho, alikuuliza mbona unapoteza muda hivyo. Ukamwambia utafiti wenyewe ndio huo, kule ndani ni kuthibitisha tu. Kijana huyo ndiye tunayemwita Kijani, kwa sababu kazi zake zilikuwa zinarudi zimejaa wino wako. Ulikuwa unazifumua kazi zao kama mimi ninavyofumua mshono uliokwenda upande, na ukimaliza unamwita mwenyewe, mnakaa, mnashona upya pamoja. Sasa yeye ni mhadhiri, na wanafunzi wake wanasema anafumua kuliko wewe.

Halafu akaja seremala. Alikuwa amepooza upande mmoja, mkamfundisha kutembea kwenye mashine, akapata nafuu, akaenda zake. Baada ya muda mrefu akarudi mwendo umeharibika tena, na kila mtu pale akasikitika kwamba kazi yote imekwenda na maji. Ukampandisha hivyohivyo. Akazoea haraka mno, haraka kuliko mara ile ya kwanza. Kumbe mwili wake ulikuwa umesahau juujuu, chini kulikuwa na kitu kimetunzwa. Mumeo anasimulia kwamba ulijipiga kofi la paji la uso mbele ya mgonjwa ukasema, "Dada yangu."

Simu yako ilinikuta napima kiuno cha mteja. "Dada, hukuharibu," ukaniambia, na ulikuwa unalia. "Mashine niliipa hatua zangu mimi, na wewe hatua zangu ulishazijua tangu tunakwenda shule. Hukuwa mgeni pale. Ulikuwa unakumbuka, na mimi nikakutoa." Nikakwambia nina pini mdomoni, unipigie baadaye. Nilipokata simu nikakaa juu ya vitambaa vya watu nikalia na mimi. Mteja akadhani ni kiuno chake kilichonisikitisha, ikabidi nimbembeleze.

Jambo hilo ndilo lililokuweka juu. Liliandikwa kwenye majarida, ukaitwa huku na kule kulieleza, stoo ikawa ghorofa nzima. Yule mkuu wa idara, akiwa amestaafu lakini bado na tai yake, alikuja kukupa mkono, ukampandisha kwenye mashine na kumwacha ayumbe kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Usidhani sikukuona ukitabasamu.

Siku ya mhadhara wako wa uprofesa tulikaa safu ya mbele, mimi na Mama na mumeo, nguo zote nimeshona mimi. Ulipanda jukwaani kwa mwendo wako uleule, hukuharakisha, hukujificha. Neno lako la kwanza likawa hili: "Mtu wa kwanza kunifundisha somo hili alifinywa sikio kwa ajili yake." Mama, ambaye masikio yake yalishakuwa mazito, akaniuliza ukumbi mzima ukisikia, "Kasema nani kafinywa?" Nikamwambia ni mimi, Mama, ile siku ya chumvi.  Kisha akanyanyua mkono akalifunika sikio langu lilelile, akauacha hapo hapo mpaka ulipomaliza kusema. Mhadhara wako wote nimeusikia kwa sikio moja, mdogo wangu, na sijutii.

Moyo ndio uliochoka, si mguu. Tulikuwa tumezoea kuuangalia mguu, tukasahau kuuangalia moyo. Hospitalini ulikataa gauni lao, ukavaa lile la maua nililokushonea, na kila mchana ulitaka tutembee kwenye ukumbi mrefu wa wodi. Nilikushika mkono. Muuguzi mpya, anaanza zamu, alitukuta tunazama na kuibuka pamoja, akatutazama wote wawili akasema, "Samahani, mgonjwa ni nani kati yenu?" Pumzi zilikuwa zinakupaa, lakini hukuiacha nafasi ile ikupite. "Tunapokezana," ukamwambia. "Safari hii zamu yangu." Tulicheka mpaka muuguzi akatuomba tukae chini.

Baada ya kukuzika niliendelea kuchechemea. Majirani walinipa pole, wengine wakaniletea dawa za kuchua. Nilizipokea, nikaziweka kabatini. Sikuwaambia kwamba ninajisikia vizuri. Nikitoka kwenda kununua uzi, upande wangu mmoja ukizama, nilijua uko hapo, mkono wako uko palepale, na nilikuwa nazungumza nawe kimoyomoyo njia nzima. Ukiacha kazi ya cherehani, hicho ndicho kilichonisimamisha.

Sasa sikiliza. Fundi viatu wangu ananijua kwa kisigino. Tangu ananitengenezea, kiatu cha kulia kinakuja kimelika, maana ndicho kinachobeba uzito, na cha kushoto kama kipya, naye amezoea kunitania kwamba siku moja atanishonea cha kulia peke yake. Juzi nilimpelekea jozi ninayovaa kila siku. Akavigeuza, akavitazama chini, uso ukamng'aa. "Hongera, mama. Siku hizi vinaisha sawa. Umepona."

Nilimshukuru. Nikavichukua viatu vyangu bila kutengenezwa, nikarudi nyumbani, nikaenda na kurudi mbele ya kile kioo kirefu cha wateja. Nilikuwa nimenyooka. Nikajaribu kuchechemea kwa makusudi, ikawa maigizo kweli, yale aliyodhani Mama. Mdogo wangu, sijawahi kuogopa namna ile. Picha zako tunazo. Sauti yako iko kwenye simu ya mumeo. Vitabu vyako viko chuoni, watu watavisoma. Lakini hiki kilikuwa changu mimi, ulikiweka wewe mwenyewe mwilini mwangu, na kimeondoka bila kuaga. Nikajiambia sasa ndiyo umekufa.

Nikampigia Kijani. Nikamuuliza waziwazi, imefutika? Yeye ni mwanafunzi wako hasa, hakunijibu. Akasema, "Mama mkubwa, njoo maabara. Vaa viatu vya kutembelea."

Tulikwenda sote, isipokuwa Mama, aliyesema amechoka na ngazi za chuo tangu zamani. Ile mashine ya kwanza bado ipo, hukukubali itupwe, na mumeo ndiye anayeitunza mpaka leo. Aliipapasa ubavuni kama anavyofanya mtu na mnyama wake. Binti yako akanifunga mikanda ya kunizuia nisianguke. Kijani akaniambia ameziweka hatua zako, zilezile. Akanieleza bila kunidanganya: nikihangaika kwa muda mrefu kama wanavyohangaika wageni, basi hakuna kilichobaki. Nikasema sawa.  Nilitaka kuteremka, niseme nimesahau kitu jikoni, niondoke na mashaka yangu kuliko kuambiwa ukweli.

"Tazama alama," Kijani akasema. "Usifikirie."

Mikanda ikabadilika. Nikayumba. Nikashika chuma cha pembeni, na roho ikaniruka, nikasema haya, imekwisha. Hatua nyingine, nikayumba tena. Kisha mguu wa kushoto ukakaa mahali pake, na wa kulia ukaufuata, na sijui kilichotokea, mdogo wangu, kwa kuwa sikukifanya mimi. Mkono wangu uliachia chuma wenyewe. Nikawa natembea. Nilikuwa naziona kokoto, duka la kona, mteremko. Nilikuwa natembea nawe kabisa, na nikasema kwa sauti, wala sioni haya kuiandika, "Umechelewa sana leo."

 Kijani alikuwa anautazama mchoro kwenye skrini, mstari umeshuka mara moja ukatulia. Akaugusa kwa kidole. "Huu ndio ule wa zamani," akasema taratibu. "Ule alioambiwa autupe." Mumeo alikuwa amegeukia ukuta, anakagua swichi ambayo haikuwa na shida yoyote.

Kisha mikanda ikarudishwa sawa, na nikachechemea. Vizuri kabisa, upande uleule. Nikateremka nikaenda mpaka mlangoni nikizama na kuibuka, nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Kijani akanifuata, akaniambia kwa huruma kwamba nisije nikashtuka, jambo hili halidumu, pengine litaisha kabla sijafika getini. "Liache liishe," nikamwambia. "Nimeshajua linakokaa."

Tuliteremka ngazi, binti yako amenishika mkono, kwa kuwa amelelewa na wewe na hawezi kumwacha mtu anayechechemea ashuke peke yake. Hatua chache tu, naye akaanza kuzama pamoja nami. Hakujua kama anafanya. Sikumwambia. Nilitazama mbele, nikaendelea kumtembeza.

Mlinzi wa getini ni mgeni, hakukukuta. Alitoka kwenye kibanda chake akatuangalia tunavyokuja, mmoja anazama, mwingine anazama. "Jamani poleni," akasema. "Sasa kati yenu, mgonjwa ni nani?"

Binti yako akanitazama. Ile hadithi anaijua, umemsimulia mwenyewe mara nyingi, lakini aliniachia mimi.

"Tunapokezana," nikamwambia mlinzi. "Leo zamu yangu."

Tunaokukumbuka ni sisi: Mama yako, ambaye bado anaamka akiuliza kama umeshapita kumsalimu, mumeo, fundi wa mota, anayechemsha chai kuliko tunavyoweza kunywa, binti yako, anayeshika vikombe kama ulivyomfundisha, Kijani na wote uliowafumua na kuwashona upya, na mimi dada yako, uliyenitoa kwenye mchoro ukanirudisha.

Tutakukumbuka daima, Mwendo, hata siku ambazo sisi wenyewe hatutajua kama tunakukumbuka.